Bibi alikuwa na rovu, mama hana, mimi ninayekula chumvi ya madini joto nimevimba shingo. Inakuwaje?

#1 BintiUkinga
Habari za jioni wanajamvi.

Nimezaliwa Makete mwaka 1983. Bibi mzaa mama alikuwa na rovu kubwa mpaka linagusa kifua. Akinywa maji tulikuwa tunasikia yanavyoshuka. Wanawake wa rika lake pale kijijini wengi walikuwa nalo, wakajizoesha kufunga kitambaa shingoni hata jua likiwa kali. Mama yangu hana. Mimi nikiwa darasa la pili walikuja watu wa afya shuleni, wakatupanga mstari, kila mtoto akapewa kidonge laini chenye mafuta ndani na kukimeza mbele yao. Walisema ni madini joto, hatutavimba shingo kama bibi zetu.

Sasa niko Dar mwaka wa ishirini, ni fundi cherehani. Samaki nakula, chumvi natumia ya pakiti. Tangu mwisho wa mwaka jana kutia uzi kwenye sindano kumenishinda. Macho yanaona vizuri, ila mikono inatetemeka, uzi unapita pembeni ya tundu mara nne, mara tano. Nimepungua kilo 9 na huku nakula sahani mbili, watu wananipongeza. Usiku nimelala moyo unakwenda kama nimepanda ngazi. Mwezi huu mteja niliyekuwa namchukua vipimo ndiye aliyeniambia, "Dada, shingo imekuwaje?"

Nimepimwa damu: TSH 0.01, T4 iko juu. Nimeambiwa tezi inafanya kazi kupita kiasi, nirudi kwa ultrasaundi. Shangazi anasema ni rovu la ukoo, niongeze madini joto. Nimsikilize? Na kwa nini mimi, niliyepewa kinga, ndiye nimevimba?

#2 KarafuuYaMsimu
Pole sana dada. Shangazi yuko sahihi, rovu ni upungufu wa madini joto, hilo tumefundishwa tangu shule ya msingi. Ongeza chumvi, tafuta na mwani, utapona.

#3 Tabibu_Kata
#2 hapana, na naomba dada asome hapa kabla hajaingia jikoni.

Shingo kuvimba ni alama tu. Tezi inaweza kuvimba kwa njaa ya madini joto, na inaweza kuvimba ikiwa inatengeneza homoni nyingi kuliko mwili unavyohitaji. Bibi alivimba kwa njaa. Huyu majibu yake yanaonyesha homoni imefurika. Kumwongezea madini joto mtu wa namna hii ni kumwaga mafuta ya taa kwenye moto. Chumvi ya kawaida kwenye mboga aendelee nayo, lakini asinywe vidonge vya madini joto, wala unga wa mwani, wala dawa za kikohozi zenye aidini (ndiyo madini joto yenyewe), mpaka daktari wake aseme.

#4 KarafuuYaMsimu
Asante, nimejifunza. Ila TSH yake ni 0.01, yaani iko chini kabisa. Homoni ikiwa chini si ndiyo upungufu?

#5 FundiBomba_Ilala
Hapo #4 ngoja nikujibu mimi. Mke wangu alipita humo miaka mitatu iliyopita, nikaelewa kwa lugha ya kazi yangu.

Tanki la juu ya nyumba lina floti. Maji yakipungua floti inashuka, valvu inafunguka, maji yanaingia. Yakijaa floti inapanda, inafunga. TSH haitoki kwenye tezi ya shingo. Inatoka kwenye tezi ndogo chini ya ubongo, pituitari, ukubwa wake kama punje ya kunde. Kazi yake ni kuiamuru tezi ya shingo: tengeneza, tengeneza. Homoni ya shingo ikijaa kwenye damu, pituitari inanyamaza. Kwa hiyo TSH 0.01 maana yake huko juu pamenyamaza kabisa, kwa sababu tanki limejaa na linamwagika.

Mke wangu yeye TSH ilikuwa juu sana, tezi yake imechoka, amri zinakuja hakuna wa kuzitekeleza. Alikuwa anavaa sweta Dar es Salaam mwezi wa pili.

#6 MwalimuBaiolojia
Mfano mzuri sana #5, kesho nautumia darasani. Naongeza ghorofa moja: juu ya pituitari kuna haipothalamasi, sehemu ya ubongo inayotuma homoni iitwayo TRH kuiambia pituitari itoe TSH. Kwa hiyo kuna floti mbili, na homoni ya shingo inazifunga zote mbili.

Na hii inajibu kwa nini bibi alivimba. Tezi ya shingo ina umbo la kipepeo, imekaa chini ya kongomeo, kwa mtu mzima mwenye afya uzito wake ni gramu 15 hadi 25 hivi. Inanyonya madini joto kutoka kwenye damu na kuyafunga kwenye kipande cha protini. Yakifungwa manne inapatikana T4, yakifungwa matatu T3. Hizo namba si za mapambo, ni hesabu ya atomi. Madini yakikosekana homoni haiundiki, pituitari inaona tanki tupu, inapiga kelele mchana na usiku kwa TSH. TSH haiamuru kutengeneza tu, inaikuza tezi yenyewe. Miaka ishirini ya kelele hizo inatoa rovu la kugusa kifua.

Kiasi kinachotakiwa ni kidogo mno: mikrogramu 150 kwa siku kwa mtu mzima, 250 kwa mjamzito. Ukikusanya ya maisha yote hayajazi kijiko cha chai.

#7 Mhehe_wa_Kalenga
Ninyi Wakinga watani zangu, hata tezi zenu zina tabia ya duka la Kariakoo. Nimesoma kwamba tezi ya shingo ndiyo inayoweka akiba kubwa ya homoni kuliko tezi zote, akiba ya miezi miwili hadi mitatu. Mkinga hawezi kukaa bila stoo!

#8 BintiUkinga
#7 mtani, stoo ndiyo imetufikisha Kariakoo, ninyi mkabaki na historia ya Mkwawa. Ila umenishtua, ina maana hata nikianza dawa, akiba bado itaendelea kumwagika?

#9 Tabibu_Kata
Ndiyo, mtani amekusaidia bila kujua. Dawa inayotumika sana, kabimazoli, inazuia kutengeneza homoni mpya, lakini iliyoko ghalani inaendelea kutoka. T4 yenyewe ikishaingia kwenye damu, nusu yake inachukua kama siku 7 kuisha. Ndiyo maana wagonjwa wengi wanaacha dawa wiki ya pili wakisema haifanyi kazi. Ipe wiki nne hadi nane. Wakati huo kwa kawaida daktari anaongeza propranololi kutuliza moyo na mikono.

Jambo la kushika kabisa: ukiwa kwenye kabimazoli ukapata homa na koo kuuma, usinunue dawa ya mafua dukani. Kapime wingi wa chembe nyeupe za damu siku hiyohiyo. Ni wachache wanaopata shida hiyo, lakini ikimpata mtu haisubiri kesho.

#10 MzeeWaBusara
Nimeona neno tezi nikafungua mbio. Mimi nina miaka 67 na ninaamka mara tano usiku kwenda haja ndogo. Hizo TSH nipime na mimi?

#11 MwalimuBaiolojia
Shikamoo mzee. Ya kwako inaelekea ni tezi dume, na ingawa zote tunaziita tezi, hazifanani kazi. Kuna tezi zenye mrija: za jasho, za mate, na hiyo tezi dume, zinatoa majimaji yao kupitia mrija hadi mahali pake. Na kuna tezi zisizo na mrija, zinamwaga homoni moja kwa moja kwenye damu inayopita, na damu ndiyo inabeba ujumbe mwili mzima: ya shingo, pituitari, tezi za juu ya figo. Kongosho lenyewe lina pande zote mbili, mrija wa kupeleka maji ya kusaga chakula utumboni, na visiwa vidogo ndani yake vinavyomwaga insulini kwenye damu. Nenda hospitali mzee wangu, ni kipimo kingine.

#12 MzeeWaBusara
Marahaba mwalimu. Nitakwenda. Nabaki kusoma, uzi ni mzuri.

#13 Mpemba_wa_Wete
Asalaam aleikum. Kuna kitu #1 kakiandika watu wamekipita: "samaki nakula". Sisi Pemba tunakula samaki, pweza, dagaa, chaza, kila siku ya Mungu. Na watu wote, hata wakubwa wa afya, waliamini visiwani hakuna upungufu wa madini joto kwa sababu ya bahari. Walipokuja kupima mkojo wa watoto wa shule Unguja na Pemba wakakuta Pemba tuna upungufu, wenzetu Unguja wako salama. Sababu kubwa ni chumvi. Kwetu watu walikuwa wanatumia chumvi ya kienyeji inayoanikwa hapahapa, haijatiwa kitu. Bahari ina madini joto, lakini ukianika maji ya bahari kupata chumvi, yanayobaki ndani yake ni machache mno.

Kwa hiyo dada yangu samaki asikupe uhakika, wala asikupe wasiwasi.

#14 KarafuuYaMsimu
Na mwani je? Akina mama wa Paje na Jambiani wanalima mwani tangu mwisho wa miaka ya 1980. Si ndiyo una aidini tele? Hata aidini yenyewe ilivumbuliwa kwenye majivu ya mwani, na Mfaransa mmoja, mwaka 1811.

#15 Mpemba_wa_Wete
Huyo ni Bernard Courtois, na mwani wake ni wa bahari za baridi, ule mkubwa wa rangi ya kahawia, ndio wenye aidini nyingi. Mwani wetu wa spinosamu na kotonii ni jamii ya mwekundu, aidini yake ni kidogo ukilinganisha. Tena sisi hatuuli. Unakaushwa juu ya mikeka na kuuzwa nje, wakatengeneze vitu vya kugandisha maziwa na dawa ya meno. Mama yangu kalima mwani miaka kumi na miwili hajawahi kuuonja.

#16 NesiMstaafu_Njombe
Wanangu, mimi nilikuwa kwenye zile timu za vidonge. Huyu binti wa Makete huenda hata tulionana.

Kidonge kile kilikuwa mafuta yenye aidini, dozi moja inakaa mwilini muda mrefu, mwaka na zaidi. Nilikuwa namwambia kila mtoto, fungua mdomo, inua ulimi, nione. Walikuwa wanakificha shavuni maana mafuta yake hayana ladha nzuri. Vidonge vilikuwa daraja la kutuvusha mpaka chumvi iwe tayari. Miaka ya 1980 waliopimwa kwenye maeneo ya nchi yetu karibu robo walikuwa na tezi iliyovimba, nyingi ndogo za kuhisi kwa vidole tu. Kanuni za kutia madini joto kwenye chumvi zikaja katikati ya miaka ya 1990. Upimaji wa watoto wa shule mwaka 2004 ukakuta imeshuka hadi karibu asilimia 7. Mimi niliyewaona wale bibi, na niliyewaona watoto waliozaliwa viziwi na wafupi kwa sababu mama zao hawakuwa na madini joto tumboni, nasema ile ilikuwa kazi.

Baadaye nilikuwa napita madukani na kichupa cha kupimia. Unachukua chumvi kidogo, unaitandaza kwenye karatasi nyeupe, unadondosha tone. Ikiwa na madini joto inageuka zambarau palepale, kadiri ilivyo nyingi ndivyo inavyokoza. Siku moja nilikuta duka lina pakiti nzuri rafuni, nikazipima, zambarau ya kukoza. Pembeni ya mlango gunia la chumvi ya mawe liko wazi, linapigwa jua na vumbi, anapima kwa kopo. Nikadondosha: nyeupe. Nikadondosha tena chini kidogo: nyeupe. Waliokuwa wananunua kwenye gunia ni wale wa shilingi hamsini, na hao ndio walikuwa na uhitaji kuliko wa pakiti. Nilikaa chini pale nikawaza.

#17 Jikoni_kwa_Aisha
Shikamoo mama. Naweza kupima nyumbani kwa uji wa wanga? Nimesikia aidini na wanga vinatoa zambarau.

#18 MwalimuBaiolojia
Haitafanya kazi #17. Wanga unageuka zambarau ukikutana na aidini huru. Chumvi yetu inatiwa potasiamu aiodeti, kwa sababu inavumilia joto na unyevu kuliko aiodaidi. Aiodeti peke yake haiugeuzi wanga. Kile kichupa cha mama kina wanga, asidi, na potasiamu aiodaidi, vinashirikiana kuitoa aidini. Ukitumia wanga mtupu utalaumu chumvi nzima bure.

Lakini unaweza kuitunza: kopo lenye kifuniko, mbali na jiko, na tia chumvi chakula kinapokaribia kuiva.

#19 NesiMstaafu_Njombe
Marahaba Aisha. Mwalimu amesema kweli.

#20 Omogaka_Kisii
Wakuu salamu kutoka Kenya. Huku chumvi imetiwa aidini kwa sheria tangu miaka ya sabini, inatoka sana pwani huko Magarini. Nyanyangu pia alikuwa na hiyo shingo. Swali langu ni mboga. Daktari mmoja alimwambia mamangu aache kabeji na sukuma wiki kabisa. Sasa Mkenya bila sukuma atakula nini na ugali?

#21 Tabibu_Kata
Kabeji na jamaa zake zina kemikali zinazozuia tezi kunyonya madini joto, hilo ni kweli. Ila zikipikwa nguvu hiyo inapungua sana, na mtu anayepata madini joto ya kutosha hadhuriki kwa sahani ya kawaida. Mama ale sukuma yake.

#22 Bukavu_Kadutu
Jambo kwenu wote. Muulizeni Mkongomani habari ya chakula na rovu, sisi tulifanywa somo.

Katika Ziwa Kivu kuna kisiwa cha Idjwi. Tangu miaka ya 1960 watafiti Wabelgiji walikwenda huko, wakakuta kaskazini ya kisiwa rovu limejaa, na kusini-magharibi ni kidogo sana. Wakapima madini joto: pande zote mbili hayapo! Kisiwa kimoja, maji yaleyale, upungufu uleule. Waliofuatia ndio wakauona muhogo. Muhogo usioloweshwa vizuri unabaki na sumu ya sianidi, mwili unaigeuza kuwa thayosianeti, na hiyo inagombania mlango uleule ambao madini joto yanaingilia kwenye tezi. Mwenye madini joto kidogo akila muhogo mbaya, hata hicho kidogo hakiingii.

Kwa hiyo #6 akisema "njaa ya madini joto" namuunga mkono nusu. Kuna mlango pia. Mama mkubwa wangu analowesha muhogo siku nne, mpaka ukibonyeza kwa kidole unaingia. Wanaoharakisha wanalowesha moja.

#23 BintiUkinga
#22 asante, lakini Makete ni baridi, hatuli muhogo. Tunakula viazi mviringo, ngano, mahindi. Kwa bibi si muhogo.

#24 Mhehe_wa_Kalenga
Kwa bibi ni mvua. Udongo wa milimani umeoshwa na mvua miaka elfu na elfu, madini joto yakateremka na mito hadi baharini. Mahindi yanayoota pale hayana, ng'ombe wanaokula nyasi za pale hawana. Ndiyo maana ukiangalia Ukinga, Rungwe, Kivu, hata milima ya Alpi huko Uswisi, habari ni ileile. Uswisi walianza kutia aidini kwenye chumvi mwaka 1922.

#25 Bukavu_Kadutu
Mvua inaeleza bibi. Haielezi Idjwi, maana mvua inanyesha kaskazini na kusini.

#26 Omogaka_Kisii
Na haielezi kwa nini kijijini kwetu mke ana rovu, mume hana, wanakula sufuria moja.

#27 NesiMstaafu_Njombe
Huyo mke amezaa wangapi?

#28 Omogaka_Kisii
Saba.

#29 NesiMstaafu_Njombe
Basi tuanzie hapo. Mimba inataka homoni ya mama iongezeke karibu nusu zaidi, na figo za mjamzito zinapoteza madini joto mengi kwenye mkojo, na mtoto naye anachukua yake. Kila mimba inaisukuma tezi, na mama akiwa na akiba ndogo haipati nafasi ya kurudi kabla ya mimba nyingine. Nimeona shingo zikipanda hatua kwa hatua, mtoto kwa mtoto.

#30 KijanaWaTakwimu
Nimesoma kuhusu vidonge vya mama nesi. Mwaka 2009 wachumi Erica Field, Omar Robles na Maximo Torero walichapisha utafiti wa Tanzania, wakasema watoto ambao mama zao walikuwa na kinga hiyo wakati wa mimba walisoma zaidi, kama theluthi hadi nusu ya mwaka wa masomo, na wasichana walifaidika zaidi. Kwa kidonge kimoja cha mafuta!

#31 MwalimuBaiolojia
Utafiti huo umerudiwa. Mwaka 2020 watafiti wengine walizipitia hesabu zile, wakarekebisha makosa waliyoyaona, na matokeo yakapungua nguvu. Kwamba ubongo wa mtoto tumboni unahitaji homoni ya tezi hakuna ubishi. Kiasi gani kidonge kiliongeza madarasa ndipo bado wanavutana.

#32 NesiMstaafu_Njombe
Wavutane. Mimi nilikuwa nahesabu watoto waliozaliwa wanasikia.

#33 Tabibu_Kata
Turudi kwa dada. Mimi kwa umri wake, mwanamke, homoni juu, ningeanza kufikiria ugonjwa wa Graves. Ni kingamwili za mwili wenyewe zinazoigiza TSH: zinakaa palepale kwenye tezi panapokaa TSH na kuiamuru itengeneze, na kwa kuwa si TSH, floti ya #5 haiwezi kuzifunga. Pituitari inanyamaza, tezi inaendelea kupokea amri za uongo.

#34 FundiBomba_Ilala
Yaani mtu ameifunga valvu kwa waya ibaki wazi.

#35 Tabibu_Kata
Hasa.

#36 Bukavu_Kadutu
Daktari, macho yake hayajatoka. Graves macho yanatoka.

#37 Tabibu_Kata
Si kwa wote. Wengi macho yanabaki kawaida.

#38 Bukavu_Kadutu
Mimi nina hoja nyingine, na inatoka kwetu tena. Miaka ya 1990 chumvi yenye aidini ilipoingia Kivu, na Zimbabwe vilevile, madaktari walianza kupokea watu wa moyo mbio, mikono kutetemeka, kukonda. Wengi walikuwa na vinundu vya zamani. Tezi iliyokaa na njaa tangu utotoni inaota vinundu, na baadhi ya vinundu vinajifunza kufanya kazi bila kusubiri amri ya pituitari. Njaa ikiwepo havina malighafi, vimetulia. Leta chumvi, vinawaka. Dada amezaliwa 1983 kabla ya kidonge, alikaa miaka kadhaa na tezi yenye njaa. Kisha Dar, chumvi ya pakiti miaka ishirini.

#39 Mhehe_wa_Kalenga
Kwa hiyo kinga ndiyo imemuumiza?

#40 NesiMstaafu_Njombe
Usiseme hivyo mwanangu, kuna mama anasoma hapa atakwenda kutupa chumvi. Nchi nzima ikikosa madini joto watoto wanazaliwa na akili iliyofungwa, na hakuna dawa ya kuirudisha. Tezi inayowaka ina dawa.

#41 KijanaWaTakwimu
Ila mama, hata upimaji ule wa 2004 ulionyesha kuna maeneo madini joto yamezidi kiwango. Kusema chumvi ipimwe kiwandani kila mara si kuipinga chumvi.

#42 NesiMstaafu_Njombe
Hapo tuko pamoja. Ipimwe.

#43 Jikoni_kwa_Aisha
Halafu jamani, kwa nini yanaitwa madini joto? Hayana joto lolote.

#44 FundiBomba_Ilala
Mimi nadhani ni kwa sababu homoni hiyo ndiyo moto wa mwili. Mke wangu alipokosa alikuwa baridi, huyu dada aliyezidisha bila shaka anatoka jasho.

#45 BintiUkinga
Natoka jasho mpaka kitambaa cha mteja nakishika kwa taulo.

#46 Mhehe_wa_Kalenga
Mimi nilidhani ni kwa kuwa yanapatikana nchi ya joto, pwani, sisi wa baridi hatuna.

#47 BintiUkinga
Nina swali la uoga. Nimesikia wengine wanatolewa tezi yote. Mtu anaishi bila tezi?

#48 MwalimuBaiolojia
Anaishi vizuri, ila lazima arudishiwe homoni. Theodor Kocher wa Bern, Uswisi, aliondoa marovu mengi sana kwa upasuaji. Baadaye akagundua wagonjwa aliowatoa tezi nzima wamekuwa wazito, wamevimba uso, akili imepoa, akaacha kuitoa yote. Alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1909 kwa kazi yake kwenye tezi hii. Mwaka 1891 huko Uingereza daktari George Murray akamdunga mama mmoja aliyekosa homoni maji ya tezi ya kondoo. Mama yule aliishi miaka 28 zaidi. Leo ni kidonge kimoja kidogo kila asubuhi.

#49 FundiBomba_Ilala
Mke wangu anacho hicho. Anakunywa na maji matupu, anasubiri saa nzima ndipo chai ya maziwa. Mwanzo alikuwa anakinywa na chai, TSH haishuki, tukadhani dawa ni feki. Maziwa na vidonge vya damu vinaizuia isinyonywe.

#50 BintiUkinga
Narudi na majibu, samahani nimekawia siku nne, nilikuwa na sare za harusi.

Ultrasaundi imeonyesha vinundu vitatu. Kikubwa kiko kulia, sentimita 2.6. Daktari amesema hawezi kuapa bado: inaweza kuwa vinundu vinavyojifanyia kazi, inaweza kuwa Graves juu ya vinundu vya zamani. Nimetolewa damu ya kingamwili, majibu siku kumi. Nimeanza kabimazoli na propranololi. Jana usiku nimelala saa tano mfululizo.

#51 Bukavu_Kadutu
Vinundu! Nilisema.

#52 Tabibu_Kata
Subiri kingamwili ndugu. Vinundu watu wengi wanavyo na havifanyi lolote. Na kile kikubwa kiangaliwe kwa makini, kama kinapokea madini joto kuliko vingine au la.

#53 BintiUkinga
Nimempigia mama kijijini kumwuliza habari ya bibi. Amesema rovu halikuwepo alipoolewa. Lilianza mimba ya pili, likawa linaongezeka, na bibi alizaa tisa. Mama nesi, nimekumbuka maneno yako, nikanyamaza kwenye simu.

Nikamwuliza na yeye kwa nini hana. Akasema alilelewa Mbeya mjini kwa mjomba, kwa wafanyabiashara, chumvi na samaki wa makopo vilikuwa vinaletwa.

#54 NesiMstaafu_Njombe
Mama ana miaka mingapi? Na kutokuwa na rovu la kuonekana si kusema tezi ni nzima. Analalamika baridi? Choo kigumu? Nywele?

#55 BintiUkinga
Ana 66. Anavaa masweta mawili, lakini mama, kule ni Makete, nani havai. Sauti imekuwa nzito siku hizi, nilidhani ni uzee. Hajawahi kupimwa. Wiki ijayo mdogo wangu anampeleka.